Mwenye Namba Elfu Moja

Balaa lile halikuanza kwa kishindo. Lilianza asubuhi ya ukungu, kompyuta ilipomwambia Kaswera kwamba yeye ni wa pili, naye Kaswera akacheka. Laiti angejua, asingecheka.

Kaswera na mumewe Éliakim wana nyumba ndogo ya matofali kwenye mteremko wa Furu, mjini Butembo, na riziki yao ni harusi za watu. Éliakim hubeba kamera na kuzifuata hadi Kirumba na Alimbongo. Kaswera hubaki nyumbani akikata na kuunganisha video. Kompyuta zao ni mbili: ile kubwa ya zamani inakaa sebuleni na kutunza kazi zote, nyingine iko chumbani, ndiyo anayofanyia kazi. Baada ya virusi vya flash za wateja kumeza harusi nzima ya watu, wazazi wa bibi harusi wakaja kulia mlangoni kama kwenye msiba, Kaswera alichoka. Alikuwa amesomea mambo hayo chuoni. Akafuta kila kitu, akaweka Linux, mfumo usiosumbuliwa na virusi hivyo, pande zote mbili, akatoboa ukuta, akapitisha waya, akafungua folda moja ya pamoja ili kilichoko sebuleni akione na kukiandikia akiwa chumbani.

Kuona, aliona. Kuandika, akanyimwa. Kila alipojaribu, kompyuta ilimjibu kwa Kifaransa chake kikavu: Permission non accordée. Huna ruhusa. Nyumba yako, waya wako, jasho lako, na huna ruhusa!

Tatizo la namna hiyo lina maelezo yake, wala si ya kichawi. Folda ile ya pamoja haimjui mtu kwa jina. Inamjua kwa namba ya kuingia kwake: mtumiaji wa kwanza kuandikishwa kwenye kompyuta hupewa elfu moja, anayemfuata elfu moja na moja. Jina ni kofia tu, namba ndiyo kichwa. Mnande kama Kaswera hahitaji kuelezwa mara mbili, maana kwao binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Kavira, na hata ukimpeleka mtoto mwisho wa dunia, jina lake litasema alitangulia au alifuata. Chumbani, Kaswera alikuwa elfu moja. Sebuleni, alikuwa elfu moja na moja. Ndiyo maana folda ilimwona mgeni ikamfungia mlango.

Sawa. Lakini kompyuta ile ya sebuleni aliiandaa yeye, kwa mikono yake, na hakuna aliyemtangulia.

"Masika," alimwita bintiye, "ni wewe uligusa masini ya salon?"

Masika alikuwa mezani akichora. Ni mtoto wa darasa la kwanza, meno ya mbele yameng'oka, mdomo haufungi. Siku ile alijibu bila kuinua kichwa.

"Hapana, Mama. Mimi sipende ile masini. Iko na baridi."

Kaswera akaiagiza kompyuta impe yeye namba elfu moja. Ikakataa: namba hiyo ina mwenyewe tayari. Akaiuliza mwenyewe ni nani. Mahali pa jina palikuwa patupu.

Akaifungua folda. Katikati ya harusi za watu palikuwa na faili za sauti ambazo hakuziweka yeye, na zote zilikuwa mali ya elfu moja. Akavaa vipokea sauti masikioni, akaifungua ya kwanza. Hapakuwa na maneno. Palikuwa na pumzi za puani, fupi fupi, na mlio ambao mama yeyote anaujua hata akiwa usingizini: mtoto mchanga akinyonya.

Ndipo harufu ikamfikia. Maziwa ya mama, yaliyochacha kwenye nguo. Akainamisha kichwa kutafuta inakotoka, akaona blauzi yake imelowa kifuani pande zote mbili, na Masika aliacha ziwa zamani sana.

Aliogopa. Alivua vile vitu masikioni, akatoka hadi jikoni, akampigia mumewe simu akiwa amegeukia ukuta.

"Papa Masika, uko peke yako?"

"Niko Kirumba ku cortège ya harusi, bibi harusi anatoka sasa. Iko nini? Juu ya nini unasema polepole?"

"Iko mutu ndani ya masini."

"Virus tena?"

"Hapana virus! Iko mutu. Alikamata numéro ya kwanza, na jina hana. Minamusikia, Papa Masika. Ananyonya."

Kwa upande wa pili honi za magari zililia, wanawake wakapiga vigelegele. Kisha Éliakim akasema, kwa sauti ya mtu anayejilazimisha kucheka, "Mama Masika, umechoka. Toa kable, pumuzika kidogo. Kesho niko nafika."

"Usitaje ile jina kwa nguvu," Kaswera alinong'ona, na yeye mwenyewe hakujua kwa nini alisema hivyo.

Aliporudi, Masika alikuwa chumbani, amesimama mbele ya kompyuta, mkono kwenye kipanya. Alitaka kuziona picha zake za Noeli. Alibofya, akakataliwa. Akabofya nyingine. Permission non accordée. Kila picha aliyokuwamo mtoto huyu ilikuwa imehamia kwa elfu moja, na kila aliyojaribu kuifungua ilimfukuza. Ya mwisho ilimkubali mama yake tu. Kaswera aliikumbuka vizuri: Éliakim ameketi, Masika katikati mwenye gauni jekundu, mkono wa baba kichwani pake. Sasa Masika alikuwa pembeni, nusu ya uso imekatwa na ukingo wa picha. Katikati hapakuwa na mtu. Mkono wa Éliakim ulikuwa umetulia hewani, juu kidogo ya pale ulipokuwa mwanzo, kama juu ya kichwa cha mtoto mrefu zaidi.

"Mama," Masika alisema kwa sauti ndogo, "ule yaya anasema mimi nikae nyuma."

"Yaya gani?" Kaswera akauliza, maana Masika hakuwa na dada mkubwa.

"Wa ku masini. Anasema yeye njo mukubwa. Anasema kiti ni yake, jina ni yake, na wewe ni wake." Akavua sweta, akanyosha mkono. Kwenye kifundo cha mkono palikuwa na alama za kufinywa, vidole vidogo, vyeusi vyeusi. "Anasema nikikataa, atanipeleka kule yeye alikuwa. Chini. Kuko baridi."

Kaswera hakuuliza tena, kwa sababu alikuwa anajua.

Miaka ile ya kukimbia vita, kabla ya kuhamia Butembo, walikuwa Beni. Huko ndiko alikojifungua mtoto wa kwanza. Alikuwa wa kike, ana nywele nyingi, ana kucha, ana kila kitu, ila hakulia. Wakampiga mgongoni, wakampulizia, hakulia. Mama mkwe akamfunga ndani ya kikwembe, kipande cha kitenge, na kusema, "Asiyelia hahesabiwi," na akazikwa haraka kama kitu kilichovunjika, bila jina, maana risasi zilikuwa zinasikika na watu walikuwa wanafunga mizigo. Baadaye, Butembo, akaja binti mwingine, huyu analia hadi majirani wanatoka, na familia ikampa jina la binti wa kwanza: Masika. Kaswera hakubisha. Lakini tangu siku hiyo kila aliyemsalimia "Mama Masika" alimchoma mahali fulani, na aliliitikia jina hilo miaka yote hiyo, akizoea kuchomwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Akaunyofoa waya ukutani. Chumbani, folda ikabaki wazi vilevile, na mbele ya macho yake faili moja ikaongezeka. Saa ile ile umeme ukakatika mtaa mzima, kama unavyokatika kila mara, redio za majirani zikanyamaza. Sebuleni, ndani ya kompyuta isiyo na umeme wala waya, diski ikaendelea kugonga polepole na kwa mpangilio, kuvuta na kumeza, kuvuta na kumeza, na kila ilipovuta Kaswera alihisi kifuani mwake kitu kikivutwa.

Alimbeba Masika mgongoni, mkubwa vile alivyo, akateremka naye mbio hadi kwa Mama Tamar.

Mama Tamar ni mjane wa Kiprotestanti, anauza viazi vya Masereka, na anaombea nyumba zilizochafuka. Kaswera ni Mkatoliki wa misa ya kila Jumapili, lakini ukizama huulizi kamba ni ya kanisa gani. Mama Tamar alikuja na viatu vyake vya mvua, udongo wa sokoni ungali kwenye vidole vya mikono. Kizingitini akasimama.

"Kunanuka maziwa," akasema. "Nani ananyonyesha hapa?"

Akaingia, akafungua kikwembe cha begani, akaifunika kompyuta, akaanza kuomba kwa Kinande, polepole, huku akimwita Nyamuhanga, Mungu Muumba, kwa jina lake. Diski ikaongeza mwendo. Kikwembe kikaanza kulowa katikati, doa likakua, na kutoka kwenye spika, bila umeme, sauti nyembamba yenye hasira ikasema mara moja tu: "Mama Masika."

Masika aliyekuwa mlangoni akajikojolea.

Mama Tamar aliacha kuomba. Akamgeukia Kaswera, na uso wake haukuwa na upole wowote.

"Kuko mutoto hamukuhesabu?"

Kaswera akamwambia yote, hadi kikwembe, hadi maneno ya mama mkwe. Alisema huku analia, na mjane yule hakumfuta machozi.

"Sikia muzuri," Mama Tamar alinong'ona. "Mutoto wako analala Beni, anapumuzika kwa Mungu. Hapana yeye huyu. Huyu ni jini. Banatembeaka, banatafuta kiti bila mwenyewe, na nyinyi muliacha moja wazi. Ulipoanza kuandika batu kwa masini, wa kwanza, wa pili, yeye akaona nafasi, akakaa."

"Anataka nini?"

"Jina. Numéro anayo, jina hana, njo maana iko na kasirani. Siku utamupa, atakuwa mutoto wa nyumba, na mukubwa kabisa. Hapo mimi siweze kitu tena. Mupangaji banamufukuza. Mutoto wa nyumba, nani atamufukuza?"

"Sasa nifanye nini, Mama?"

"Bwana yako akifika, muende Beni, nyinyi wote mbili. Pale ku kaburi, mchana, mbele ya Mungu, mupe mutoto yenu jina yake. Na huyu wa hapa mumuite Kavira, hana kosa, ni nyinyi mulimukalisha mahali hapana pake. Kiti ikipata mwenyewe wa kweli, ule atatoka. Mpaka pale, alie, acheke, akulaani, usimwite. Umenisikia? Usimwite."

"Nimesikia."

Mama Tamar akamshika Masika mkono ili akalale kwake. Kaswera naye alitakiwa kuondoka papo hapo, na aliondoka kweli, akafika hadi kwenye geti. Hapo akaona mtoto anatetemeka ndani ya kigauni kilicholowa, na Butembo jioni baridi haina huruma. Triko yake, ile sweta aliyoivua, ilikuwa imebaki chumbani. "Tangulieni," akasema, "naleta triko." Mvua ikaanza kudondoka. Mama Tamar alisita, akamtazama, kisha akamfunika mtoto kwa mkono wake na kuteremka.

Triko ilikuwa juu ya kitanda. Kaswera aliichukua, akageuka kutoka, na mtoto akalia.

Hakikuwa kilio cha jeraha wala njaa, kilikuwa kile kilio cha kwanza kabisa, kile ambacho mapafu yanafunguka nacho, kilio ambacho Kaswera alikisubiri Beni akiwa amelala chali kwenye mkeka wenye damu huku wanawake wakimpiga mtoto mgongoni na kupuliza na kupiga tena, akakisubiri hadi walipomfunga, akakisubiri hadi walipomtoa nje, akakisubiri miaka yote hii kila alipopita mlango wa wodi ya uzazi, na sasa kilikuja kutoka sebuleni kwake mwenyewe, kikavuka ukuta kupitia lile tundu alilolitoboa yeye, kikali, kizima, chenye uhai, kikakatika, kikavuta pumzi, kikaanza upya. Maziwa yakamchuruzika hadi tumboni.

Alijua. Tusimsingizie ujinga, alijua ni jini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wasemavyo, lakini waliosema hivyo hawakuwahi kumsikia mtoto wao wa Beni akilia. Na kama Mama Tamar amekosea? Kama ni yeye kweli, ameupata mlango mmoja tu duniani, na mama yake anakimbia na triko ya mwenzake?

Skrini ya sebuleni ilikuwa inawaka chini ya kile kikwembe kilicholowa. Akakivuta. Mistari ya folda ilikuwa pale, faili juu ya faili, zote za elfu moja, na mahali pa jina paliendelea kuwa patupu, panapepesa alama moja tu, inasubiri. Kaswera alipiga magoti. Vidole vyake vilikuwa vinateleza kwa maziwa. Akaandika lile jina ambalo lilikuwa la mtoto yule tangu mwanzo, ambalo walimnyang'anya kabla hajazikwa.

Masika.

Kompyuta iliyokuwa imekataa kila kitu ikakubali mara moja.

Kilio kikakoma. Mstari kwa mstari, kuanzia juu hadi chini, namba zikageuka jina. Umeme ulikuwa umerudi; akachomeka tena waya, akaenda chumbani akajaribu folda: ilifunguka, ikaandika, ikafuta, ikahifadhi, chumbani na sebuleni vikasomana bila kizuizi chochote. Harufu ilikuwa imekwisha. Kaswera akaketi sakafuni akalia kwa furaha, maana kwa mara ya kwanza tangu Beni hapakuwa na kitu kinachomchoma. Simu ikaita, Éliakim.

"Imeisha, Papa," akamwambia. "Imeisha kabisa. Nilimupa jina yake."

"Jina gani?" Éliakim akauliza, na sauti yake ilikuwa ya ajabu. "Mama... Mama nani, sasa? Niko natafuta namna ya kukuita, inanipotea. Ulimupa jina gani?"

Mtandao ukakatika kabla hajamjibu.

Mvua ilipopungua, alifunga nyumba akateremka kwa Mama Tamar, triko chini ya kikwembe. Ulikuwa bado mwanga wa kutosha. Mjane alikuwa barazani akimenya viazi, na karibu yake, juu ya kigoda, mtoto alikuwa amejifunga shuka, anapanga maganda mstari mmoja kama anavyopenda kupanga kila kitu. Moyo wa Kaswera ukatulia kumwona.

"Masika," akaita. "Triko yako hii, vaa."

Mtoto aliendelea kupanga maganda.

"Masika! Hapana kusikia?"

"Niko hapa, Mama," sauti ikajibu nyuma yake, usawa wa kiuno chake.

Mama Tamar aliinua macho. Hakumtazama Kaswera, alitazama pale nyuma yake, na kisu kikamponyoka kikaanguka ndani ya beseni. Mtoto naye akainua kichwa. Akamwangalia Kaswera kwa adabu, kama watoto wanavyomwangalia mgeni wa watu wazima, kisha akaangalia nyuma yake na uso ukambadilika kwa hofu. Akashuka kwenye kigoda, akakisogeza mbele kwa mikono miwili ili mkubwa akae, akaenda kujificha kwenye sketi ya mjane.

"Koko," akamnong'oneza bibi huyo, "ule ni mama ya nani?"

Mama Tamar alimvuta mtoto nyuma yake. Mkono mdogo, wenye baridi ya udongo wa chini, ukaichukua triko kutoka vidoleni mwa Kaswera, na kifua chake kikaanza kulowa.